Gereji ya Msabato wa Kimara: fundi anayenitajia Yesu na kunirudishia oili yangu

Naendesha Toyota IST, ile yenye injini ya 1NZ, kila siku ya kazi kutoka Mbezi hadi Posta na kurudi, hapa Dar es Salaam. Gari langu linatengenezwa Kimara, kwenye gereji ya mzee mmoja wa Kipare iliyo pembeni kidogo ya Barabara ya Morogoro. Mzee huyu ni Msabato na hafichi. Mimi ni Muislamu, navaa ushungi, na ndugu zangu wameniuliza mara nyingi nawezaje kwenda kwa fundi ambaye hamalizi kazi bila kumtaja Yesu. Nimeamua kueleza kwa urefu, kwa sababu mzee huyu anastahili kusemewa na kwa sababu naona swali lenyewe watu wanaliuliza kwa haraka mno.

Nianze na kazi, maana ndiyo iliyonipeleka pale. Gari lilikuwa linagonga mbele kila nikipanda tuta. Gereji niliyokuwa natumia zamani, ambayo siitaji, waliniandikia orodha ndefu: shokamzoba zote nne, bushi, na chini kabisa "mkanda wa taimingi", wakanitisha kwamba umechoka na ukikatika nimekwisha, injini nzima inakufa. Jirani akaniambia nisilipe kitu kabla sijapita Kimara.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Akaingia kwenye usukani, akalipitisha gari kwenye barabara ya ndani yenye mashimo, akarudi, akalipiga jeki. Kisha akaniita. "Njoo ushike mwenyewe, mwanangu, usiambiwe tu." Nikashika. Linki za stebilaiza, vile vyuma vidogo vya maungio karibu na tairi za mbele, zilikuwa zinacheza pande zote mbili, na bojointi moja ya chini, ungio jingine la huko huko, imelegea. Shokamzoba zilikuwa kavu, hazivuji, na alipolibonyeza gari kwenye kona lilipanda mara moja likatulia. Nikamuuliza kuhusu mkanda wa taimingi. Akafungua boneti, akaniambia injini hii haina mkanda wa taimingi, ina cheni, na iko ndani. Mkanda ninaouona nje ni wa kuzungusha alteneta, pampu ya maji na kompresa ya AC, na wangu ulikuwa bado mzima. Cheni unaitunza kwa kubadilisha oili kwa wakati, basi. Nilikuwa karibu kulipia kifaa ambacho gari langu halina.

Halafu kuna hiyo oili. Injini yangu inachukua kama lita 3.7 ukibadilisha na filta, lakini dukani unauziwa galoni ya lita 4. Kinachobaki ni kidogo, na kwenye gereji nyingi hukioni tena. Wanakusanya mabaki ya huyu na yule, mwisho wa wiki wana galoni ya kuuza. Kimara kile kibaki kinafungwa kifuniko na kuwekwa kwenye buti yako, pamoja na filta kuukuu na kila spea iliyotolewa, ndani ya boksi la ile mpya. Sikuwa nimeomba. Nilipouliza kwa nini anajisumbua kwa robo lita ya oili, akanionyesha ukutani.

Ukutani, juu ya meza ya spana, kuna kibao cha mbao kilichoandikwa kwa rangi nyeupe Methali 11:1: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Nikamwambia kwetu kuna sura nzima inayofunguliwa kwa neno hilo hilo, Suratul Mutaffifin, sura ya 83, ikiwaonya wanaodai watimiziwe wanapopimiwa, kisha wao wakimpimia mwenzao wanapunguza. Mzee aliacha kazi akanitaka nimsomee. Nikamsomea kwa Kiarabu nikamfasiria. Akasema, "Basi sote tumeshaambiwa, hatuna kisingizio." Tangu siku hiyo mazungumzo yetu hayajakauka.

Sasa niseme wazi namna anavyoishiriki imani yake, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopataka. Asubuhi kabla ya kufungua geti, yeye na vijana wake wanaimba wimbo mmoja na kuomba. Ukifika mapema utawakuta. Mteja anakaribishwa, halazimishwi. Mimi huwa nakaa ndani ya gari langu na hakuna aliyewahi kunitazama vibaya. Redio yao ni kwaya kutwa nzima, sauti ya wastani. Na kazi ikiisha, anapokukabidhi ufunguo, anakuuliza: "Unaniruhusu nikuombee safari?"

Mara ya kwanza nilimjibu, "Mzee, mimi ni Muislamu." Akasema, "Nimeuona ushungi wako, mwanangu, ndiyo maana nimeuliza kwanza. Ukisema hapana, gari ni lile lile na bei ni ile ile." Nikamruhusu. Akaomba kwa ufupi, kwamba nifike salama, kwamba watoto wangu wanikute mzima, akamalizia kwa jina la Yesu kama imani yake inavyomwelekeza. Mimi nilimuomba Mwenyezi Mungu kimoyomoyo kwa namna niliyofundishwa. Hakunidai amina. Najua kuna watakaosoma hapa wakaona nimekosea kukubali, na kuna Wakristo watakaoona mzee angepaswa kusisitiza zaidi. Mimi nasema niliyoyaona: mtu ameniombea heri mbele ya uso wangu, kwa ruhusa yangu, bila kunibana.

Kuna siku alinipa kijitabu. Nikamwambia kwa heshima kwamba sitakisoma. Akakirudisha kwenye droo na hajanipa kingine. Urafiki haukupungua hata chembe, na hilo kwangu lina uzito kuliko kibao cha ukutani. Kwa sababu kibao kila mtu anaweza kuandika. Ile gereji iliyotaka kuniuzia mkanda usiokuwepo ilikuwa na stika ya kumsifu Mungu mlangoni, kubwa, ya rangi ya dhahabu. Hapa Dar es Salaam majina ya Mungu yako kila mahali, nyuma ya daladala, juu ya milango ya maduka, Bismillahi huku na Ebeneza kule, na hayajawahi kumzuia mtu kupunguza kipimo. Kwa hiyo sisemi penye aya pana haki. Ninachosema ni kwamba mtu akikutangazia kwamba anamcha Mungu, amekukabidhi kipimo cha kumpimia yeye mwenyewe, na mteja ana haki ya kukitumia. Mzee huyu analijua hilo na analitaka.

Nilimpima bila kukusudia. Aliwahi kunibadilishia brekipedi za mbele, na baada ya muda si mrefu zikaanza kupiga kelele kali na usukani kutetemeka nikikanyaga breki. Nikarudi. Akazitoa, akazigeuza kwenye mwanga, uso wake ukabadilika. Zilikuwa feki. Alizinunua Gerezani, ule mtaa wa maduka ya spea hapa mjini, kwa bei ya oginali, na boksi lilikuwa na kila alama. Hakunitafutia maneno kwamba nakanyaga breki vibaya au kwamba disiki zangu zimeisha. Alisema, "Nimeuziwa feki, nami nimekuwekea wewe. Kosa ni langu." Akamtuma kijana akalete nyingine kutoka duka tofauti, akafunga mwenyewe, na hakuchukua hata shilingi, si ya spea wala ya ufundi. Nilipojaribu kumpa angalau ya kazi, alikataa: "Nikikulipisha hili, Jumamosi nitasimama vipi kanisani?"

Hilo ndilo jibu ninalowapa ndugu zangu. Imani yake imeingia kwenye hesabu za biashara yake, tena kwa upande wa matumizi.

Na Jumamosi yenyewe inamgharimu. Gereji inafungwa kabla ya jua kuzama Ijumaa na haifunguliwi hadi Sabato ipite. Anayejua kazi ya gereji mjini hapa anajua maana yake: Jumamosi ndiyo siku ambayo watumishi wa ofisini wako nyumbani na magari yao yanahitaji fundi. Mdogo wangu aliyeko Atlanta aliposikia habari hii alinikumbusha Chick-fil-A, ile migahawa ya kuku ya Marekani. Mwanzilishi wake, Truett Cathy, alifungua mgahawa wake wa kwanza mwaka 1946 pale Hapeville, Georgia, akawa anafunga kila Jumapili, na kampuni inashika utaratibu huo hadi leo. Ni mfano mzuri, lakini kampuni kubwa namna ile inaweza kubeba siku moja. Hapa ni mzee mwenye vijana wachache na kodi ya eneo inayomsubiri kila mwezi. Nimemuona akimwambia mteja mwenye Land Cruiser mpya, Ijumaa saa kumi na moja jioni, kwamba kazi itasubiri Jumapili. Yule bwana alipandisha dau, kisha akapandisha sauti. Mzee akamjibu kwa upole kwamba Sabato haiuzi, akamwelekeza gereji nyingine ya jirani ambayo ingemhudumia usiku ule.

Anapenda kusimulia alikoitoa imani hiyo. Kwao ni Upare Kusini, ambako Wasabato walianzia katika nchi hii: wamisionari wa Kijerumani walifika Giti mwaka 1903, na ukoo wake, anavyosema, ulikuwa miongoni mwa waliosoma kwao. Ukimruhusu atakusimulia hadi gari lipoe. Mimi nafaidi zaidi jambo dogo la kila siku. Wasabato hawali nguruwe na hawanywi pombe, kwa hiyo pale gerejini hakuna kitimoto wala harufu ya bia mchana, na mama ntilie anayewapikia ninakula kwake bila wasiwasi. Ramadhani mzee anaanza na magari ya waliofunga ili tuwahi futari. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Si kila kitu kilinipendeza. Kuna kijana wake mmoja, mwenye moyo mzuri lakini bado mchanga, alimshika dada mmoja aliyekuwa anasubiri gari na kumuuliza kama ameokoka, kisha akamfuata kwa maswali hadi yule dada akainuka kwenda kusimama barabarani juani. Nilikasirika. Mteja wa gereji yuko kwenye mazingira dhaifu: gari lake limefunguliwa, ufunguo hanao, hawezi kuondoka. Kumhubiria mtu asiyeweza kuondoka ni kumbana, hata maneno yakiwa matamu. Katiba yetu, ibara ya 19, imeacha kazi ya kueneza dini iwe huru, na ibara hiyo hiyo inasema ni jambo la hiari ya mtu. Nilimwambia mzee nilichoona. Alimwita kijana mbele yangu, akamtuma kumletea yule dada kiti na maji na kumwomba radhi, akamwambia: "Wewe kaza bolti vizuri. Akitaka kujua kwa nini umekaza vizuri, atakuuliza." Sijaona jambo lile likirudiwa, lakini wenye biashara wanaofanana naye wajue kwamba vijana wao nao wanafundishwa kwa kuambiwa, wasiachwe wakaiga juujuu.

Nyingine ni ndogo. Bei ya ufundi si ya chini kabisa Kimara, ingawa ukijumlisha usichouziwa bila sababu unatoka na nafuu. Wakati wa masika foleni inakuwa ndefu, magari yaliyoingia maji yanajaa uani na mzee hapendi kuharakisha kazi. Na anazungumza. Ukiwa na haraka, mwambie mapema na atakuelewa. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, anatoa bila kuombwa, na ukimuuliza atakutajia maneno ya Yesu kwamba ya Kaisari apewe Kaisari.

Kwa Mkristo anayetaka kwenda, mtaelewana haraka. Kwa Muislamu mwenzangu, nenda na imani yako nzima wala usiifiche, maana anamheshimu mtu mwenye msimamo, na muulize unachotaka kumuuliza. Kwa asiye na dini, nimemuona akimhudumia mtu aliyemwambia waziwazi haamini chochote. Alimuuliza kama amuombee safari, akaambiwa hapana, akasema sawa na kumpungia mkono. Kibaki cha oili cha yule bwana kilikuwa kwenye buti kama changu.

Namna ya kwenda: Ijumaa usifike baada ya saa nane mchana kama kazi yako ni kubwa, kwa sababu saa kumi na moja wanaanza kufunga zana. Jumamosi usipige simu, haipokelewi. Jumapili wanafungua mapema, na kwa sisi tunaofanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa hiyo ndiyo nafasi bora, kwani gereji nyingi za jirani zinakuwa zimefungwa. Kama tatizo ni la umeme wa gari, piga kwanza uulize, maana fundi wake wa umeme haji kila siku.