Kizuia matangazo: kipi kinastahili fedha yako

Anayetafuta kizuia matangazo kwa ajili ya simu yake hukutana na orodha ndefu ya bidhaa zinazodai malipo ya kila mwezi, nyingi zikiahidi faragha kamili, kasi zaidi na bando lisiloisha upesi. Hapa nimezipanga kwa kuangalia fedha inakwenda wapi: nani anamlipa mtengenezaji wa kizuizi hicho, na je, tovuti unayoisoma inabaki na chochote baada ya matangazo yake kuondolewa.

Kabla ya kutoa shilingi ni vyema kutenganisha tangazo na ufuatiliaji. Tangazo ni nafasi kwenye ukurasa, na magazeti yameuza nafasi hizo tangu enzi za karatasi. Ufuatiliaji ni kitu kingine. Unapofungua habari moja, kivinjari chako hakiwasiliani na seva ya gazeti peke yake, bali huita pia seva za kampuni nyingine ambazo hukutambua kwa vidakuzi vyao, yaani vijifaili vinavyohifadhiwa kwenye kivinjari chako, na kwa muda usiofika sekunde moja nafasi ile hupigwa mnada kwa anayetaka kukufikia wewe hasa. Kati ya mtangazaji na gazeti wamesimama madalali wengi, na kila mmoja hukata chake kabla fedha haijamfikia aliyeiandika habari.

Vivinjari havikulishughulikia jambo hili kwa namna moja. Kivinjari cha Safari cha Apple kilianza kuzuia vidakuzi vyote vya kampuni hizo nyingine mwaka 2020, na Firefox ikaanza mwaka 2022 kuvitenga kwa kila tovuti bila mtumiaji kugusa chochote. Google ilitangaza mwaka 2020 kwamba Chrome ingeviondoa ndani ya miaka miwili, ikaahirisha zaidi ya mara moja, na mwaka 2024 ikaachana na mpango huo. Sehemu kubwa ya mapato ya Google hutokana na matangazo, kwa hiyo sioni la kushangaza hapo. Wanaotegemea hali fiche ya kivinjari (incognito) nao wajue kwamba hiyo hufuta historia iliyomo kwenye simu tu, haimzuii aliye upande wa pili kukuona.

Nafasi ya kwanza naipa Firefox ikiwa na kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, cha uBlock Origin, na bei yake ni sifuri. Kiendelezi hiki kilianzishwa na Raymond Hill mwaka 2014, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, na mwenyewe hapokei hata michango, jambo ambalo ni nadra mno katika biashara hii. Kwenye simu za Android hufanya kazi kikamilifu ndani ya Firefox, ambapo Chrome ya simu haikubali viendelezi kabisa. Kwenye kompyuta, Chrome imekwisha kukiondoa kile kamili kutokana na kanuni mpya za viendelezi, ikabaki uBlock Origin Lite, ambacho kina uwezo mdogo zaidi. Wenye iPhone wanaweza kukitumia hicho cha Lite ndani ya Safari tangu mwaka 2025.

Ninachokipendea zaidi ni kwamba kinakuachia uamuzi tovuti kwa tovuti. Ukiwa kwenye gazeti unalolithamini, fungua menyu ya Firefox, ingia sehemu ya viendelezi, gusa uBlock Origin, kisha bonyeza ile alama kubwa ya kuwashia na kuzimia. Ukipakia ukurasa upya, matangazo ya tovuti hiyo pekee yatarudi, na kwingine kote kizuizi kitaendelea na kazi. Kasoro iliyopo ni ya Firefox yenyewe, kwani Mozilla inayoitengeneza hupata sehemu kubwa ya fedha zake kutoka Google, inayolipa ili iwe injini ya kutafutia iliyowekwa tangu mwanzo.

Kwa kuwa chaguo la kwanza ni la bure, bajeti uliyokuwa umeitenga inabaki mkononi, na nafasi ya pili naipa usajili wa gazeti au tovuti unayoisoma kila siku. Huenda ikashangaza kuukuta usajili katika orodha ya vizuia matangazo, lakini ndiyo malipo pekee hapa yanayoipatia chumba cha habari fedha isiyopitia kwa madalali. Nchini Kenya, Nation ilianza kutoza wasomaji wa mtandaoni mwaka 2021. The Guardian la Uingereza limebaki wazi kwa wote huku likiomba michango, na Wikipedia haiweki matangazo kabisa. Usidhani, hata hivyo, kwamba kulipa kunaondoa ufuatiliaji: magazeti mengi humwonyesha msomaji aliyelipia matangazo yaleyale na kumwekea vidakuzi vilevile. Soma masharti, anza na mwezi mmoja badala ya mwaka, na hakikisha unajua namna ya kusitisha kabla hujaweka namba ya kadi.

Ya tatu ni Brave, ambayo nayo ni ya bure na huzuia matangazo mara tu inapopakuliwa, bila kiendelezi chochote. Ukimwekea mzazi asiyependa kuhangaika na mipangilio, hii itamfaa kuliko Firefox. Mwanzilishi wake mmojawapo ni Brendan Eich, aliyeibuni JavaScript, lugha ya kuandikia programu za tovuti. Kampuni hujipatia fedha kwa matangazo yake yenyewe na kwa mfumo wa sarafu ya kidijiti uitwao BAT, ambao unaweza kuuzima, na nashauri uuzime. Mwaka 2020 iligundulika kwamba kivinjari hiki kilikuwa kikikamilisha anwani za baadhi ya tovuti za sarafu hizo kwa viungo vinavyoiingizia kampuni kamisheni. Kiongozi wake aliomba radhi na jambo hilo likarekebishwa, lakini ndilo linalonifanya niishushe.

Nafasi ya nne ni DNS ya faragha, iliyomo ndani ya Android tangu toleo la 9; DNS ni huduma inayoitafutia simu anwani ya kila tovuti, na inaweza kukataa kuzitoa anwani za matangazo. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, tafuta DNS ya faragha, andika dns.adguard-dns.com, na matangazo yatapungua hadi ndani ya michezo na programu nyingine, mahali ambapo kivinjari hakifiki. NextDNS hutoa huduma kama hiyo bure hadi maulizo 300,000 kwa mwezi, kisha huacha kuzuia mpaka mwezi uishe au ulipie. Njia hii haiyagusi matangazo ya YouTube, kwa sababu yanatoka kwenye anwani zilezile za video.

AdGuard ya kulipia, programu inayozuia matangazo kwenye kifaa kizima, naiweka ya tano, kwa mwenye vifaa vingi tu. Toleo lake kamili la Android hupakuliwa kutoka tovuti yao wenyewe, kwa kuwa Google hairuhusu kwenye duka lake programu zinazozuia matangazo ya programu nyingine. Adblock Plus, kiendelezi kingine cha kuzuia matangazo, inafuata. Tangu mwaka 2011 huruhusu matangazo inayoyaita yanayokubalika, na kampuni kubwa huilipa ili yao yapite.

Mkiani kabisa ni VPN, huduma zinazopitisha mawasiliano yako kwenye seva za kampuni nyingine, zinazouzwa kama kinga ya faragha, pamoja na programu za kukinga virusi zinazodai kuzuia wafuatiliaji. VPN humficha mtumiaji kwa mtoa huduma wake wa intaneti, lakini kidakuzi kikishawekwa kwenye kivinjari hukutambua vilevile, na aliyekuuzia ndiye sasa anayeona unakokwenda. Onavo, VPN iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2013, ilitumika kuchunguza programu ambazo watu walizitumia, na ikafungwa mwaka 2019. Avast, kampuni ya programu za kukinga virusi, iliwaahidi wateja kuwakinga na ufuatiliaji huku ikiuza kumbukumbu za kuvinjari kwao kupitia kampuni tanzu ya Jumpshot, na mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani ikaitaka ilipe dola milioni 16.5. Anayehitaji VPN kwa sababu nyingine, kama vile kutumia Wi-Fi ya hotelini, ainunue kwa sababu hiyo, na matangazo ayaachie uBlock Origin.