Anwani zilizokufa zinazojileta ukiandika imeili: uzoefu wangu wa kuzisafisha kwenye Thunderbird, Outlook na Gmail

Wadau ngoja niliongelee hili maana naona watu wengi wanalivumilia tu. Unafungua barua mpya, unaandika herufi mbili tatu pale kwa mpokeaji, programu inakushushia majina, na la juu kabisa ni la mtu alishahama ile kazi kitambo. Mimi kuna mwenzangu mmoja alikuwa anatokea na anwani tatu, ya ofisi aliyoiacha, ya ofisi mpya na ya kwake binafsi, na ile iliyokufa ndo inakaa ya kwanza. Ukipiga Enter kwa haraka imeshaingia, barua inaondoka, baada ya muda inarudi na lile tangazo refu lenye 550 5.1.1, yaani anwani haipo. Na ikirudi ni afadhali kwa sababu umejua. Mbaya ni ile domeni, yaani sehemu inayokuja baada ya alama ya @, ambayo kampuni imeacha kuilipia, mtu mwingine yeyote anaweza kuisajili na barua zote zinazotumwa huko akazipokea yeye, hapo hakuna kinachorudi, we unajua imefika salama.

Sasa kinachowachanganya watu ni kwamba haya mapendekezo mara nyingi hayatoki kwenye kontakti ulizosevu mwenyewe. Unaenda kwenye kontakti unafuta jina, unarudi kuandika barua, jina lipo palepale linakuangalia. Programu nyingi zina listi nyingine pembeni, inajijaza yenyewe kila ukimwandikia mtu mpya, na kila programu inaificha mahali pake, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua hiyo listi inakaa wapi.

Thunderbird ndo ninayoshinda nayo kutwa na kwa hili jambo naipenda sana, nasema kwa moyo wote, kwa sababu haifichi kitu. Mapendekezo inayachukua kwenye vitabu vya anwani vilevile unavyoviona wewe. Ukifungua kitabu cha anwani, kushoto kuna kile kinaitwa Collected Addresses, humo ndo inamwaga kila anwani uliyowahi kuiandikia bila kuisevu. Mi nilichofanya, pale kwenye kisanduku cha kutafuta niliandika ile domeni ya zamani tu, zikajipanga zote za ofisi ile, nikapitisha macho moja moja, nikazichagua, nikabonyeza Delete, ikaniuliza una uhakika, nikakubali, kwisha. Nikirudi kuandika barua hazitokei tena. Ila angalia kitu kimoja, kama mtu ana kadi moja yenye anwani mbili usifute kadi nzima, ingia kwenye kuhariri utoe ile iliyokufa tu, au kama unataka kuiweka kwa kumbukumbu basi ile mpya uifanye kuwa ndo kuu. Halafu usishangae kwa nini ya zamani ilikuwa juu, Thunderbird inahesabu umeiandikia anwani mara ngapi, sasa ile uliyoitumia miaka na miaka inakuwa na hesabu kubwa kuliko mpya, hata kama siku hizi huigusi kabisa.

Outlook, naongelea ile ya zamani ya kwenye kompyuta ya Windows, njia yake ni nyepesi hadi watu wanaipita bila kuiona. Jina likishuka, angalia mwisho wa mstari upande wa kulia kuna alama ya X, bonyeza hiyo, limetoka. Asiyependa mausi anashuka na mshale wa kibodi mpaka kwenye jina halafu Delete. Basi. Kuna pia kitufe cha kufuta listi yote kwa mpigo, unaingia Faili, Opsheni, sehemu ya barua, shuka mpaka kwenye mambo ya kutuma, utakiona. Ushauri wangu hicho kiache, kinafagia nzuri na mbaya pamoja na huwezi kuzirudisha, kesho yake unaanza kutafuta anwani za watu unaowaandikia kila siku. Zamani hiyo listi ilikuwa faili lenye mwisho wa NK2, ukiliona kwenye maelekezo ya watu ujue ni ya Outlook 2007 kurudi nyuma, kuanzia 2010 listi inakaa ndani ya sanduku lenyewe la barua, kwa hiyo usipoteze muda kulitafuta.

Na hapa kuna jambo linasumbua sana ofisi zinazotumia Exchange, ile seva ya barua ya Microsoft. Unamwandikia mfanyakazi mwenzako, jina ni sahihi, yuko kazini, wengine wote barua zao zinamfikia, yako wewe inarudi, na kwenye ujumbe wa kurudi unaona herufi za ajabu zinaanza na IMCEAEX. Watu wanafikiri ni seva imekufa. Kumbe ile listi kwa watu wa ndani haijasevu anwani ya kawaida yenye @, imesevu utambulisho wa ndani wa lile sanduku, sasa sanduku likihamishiwa mfumo mwingine au akaunti ikifutwa na kutengenezwa upya, utambulisho unabadilika huku listi yako bado imeshika ule wa kale. Dawa ni ileile X, unaliondoa lile pendekezo halafu unamchagua mtu upya kutoka kwenye orodha ya ofisi, siyo kuandika jina na kukubali kinachoshuka. Nikiona mtu anahangaika na hili huwa naenda kumwonyesha mwenyewe, maana kwa macho jina la zamani na la sasa yanafanana kabisa, huwezi kutofautisha.

Gmail listi yake iko kwenye Google Contacts, siyo ndani ya barua. Unaingia huko, kuna fungu linaitwa Other contacts, ndo zinapojikusanya, unatafuta unafuta. Ukikosea inakaa kwenye takataka siku 30 kabla haijapotea, hiyo nimeipenda. Na kwenye mipangilio ya Gmail kuna sehemu ya kuiambia iache kuongeza watu wapya yenyewe, mimi kwenye akaunti ya kazi nimezima kwa sababu pale nasevu watu kwa mkono, ya binafsi nimeiacha iwake, huko naandikia watu wapya kila mara na sina muda wa kusevu kila mmoja.

Wa Mac, fungua Mail, menyu ya Window, Previous Recipients, utaona wote uliowahi kuwaandikia na kitufe cha kuwatoa kwenye listi. Ila yule aliyesevuliwa kwenye kontakti ataendelea kutokea hata ukimtoa hapo, huyo mrekebishe hukohuko kwenye kontakti.

Ukimaliza, jaribu kabla hujaamini. Fungua barua mpya tupu, andika mwanzo wa jina, angalia nini kinashuka, halafu fanya hivyohivyo kwenye simu, maana kusafisha kwenye kompyuta hakumaanishi simu nayo imesahau, kama programu ni tofauti basi na listi ni tofauti na unaanza upya huko.