Utabiri wa mvua wa SARCOF: unamfaa nani Lubumbashi?

Kila mwaka, Agosti inapokaribia kuisha na vumbi jekundu limeshatanda hadi juu ya mabati, wataalamu wa hali ya hewa wa nchi za SADC (jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika) hukutana katika jukwaa liitwalo SARCOF na kutoa utabiri wa mvua kuanzia Oktoba hadi Machi. Ni wa bure. Kwa kuchagua mbegu na kupanga ununuzi, tunausifu. Kwa kuchagua siku ya kupanda, haufai hata kidogo.

Shida inaanza kwenye kusoma. Mvua za miaka 30 hupangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha hukatwa mafungu matatu: chini ya wastani, wastani na juu ya wastani. Kabla ya kujua lolote, kila fungu lina nafasi ya 33 kwa 100. Basi ukikuta 40 kwa mvua nyingi, 35 kwa wastani na 25 kwa mvua haba, hujaahidiwa mafuriko. Mwaka mkavu bado una nafasi moja kati ya nne. Tazama pia mpangilio wa maneno. "Wastani hadi juu ya wastani" si sawa na "juu ya wastani hadi wastani", kwa sababu linalotangulia ndilo lenye nafasi kubwa zaidi. Habari ikifika mtaani huwa imeshakuwa "mvua itakuwa nyingi", na hapo watu wanaumia.

Lubumbashi yenyewe, mji wa Katanga, kusini mashariki mwa Kongo (DRC), iko mahali pagumu kutabiriwa. El Niño, yaani maji ya bahari ya Pasifiki yanapopata joto kupita kawaida, kwa kawaida huongeza mvua za vuli Afrika Mashariki na kupunguza zile za kusini mwa Afrika. Mji huu, latitudo 11 na ushee kusini, uko karibu na mpaka wa pande hizo mbili. Ndiyo maana ishara ya El Niño hapa mara nyingi ni hafifu.

Halafu utabiri huu huchorwa kwenye ramani, na kila ramani inahesabu jumla ya miezi mitatu tu. Milimita 400 zinaweza kushuka vizuri wiki kwa wiki, au zikaja kwa kishindo Desemba baada ya siku 15 za jua kali zilizochoma miche ya Novemba. Kwenye ramani, miaka hiyo miwili inafanana.

Kwa hiyo, ramani ikielemea ukavu, nunua mahindi ya siku 100 hadi 110. Ikielemea mvua, ya siku 130 yanafaa, lakini mbolea ya urea uigawe mara mbili, maana mvua kubwa huizamisha chini ya mizizi. Siku ya kupanda uiulize udongo: chimba sentimita 15 hadi 20, finyanga konzi moja, ukishikana bila kuchuruzika maji, uko tayari. Subiri milimita 25 hivi ndani ya siku chache, ukipima kwa kopo lenye kuta zilizonyooka na rula. Manyunyu ya Oktoba yanaotesha mbegu, kisha jua linaziua.

Mwuza unga wa bukari (ugali) afungue ramani ya Zambia kwanza. Tarehe 29 Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Palipopigwa zaidi palikuwa kusini na katikati ya nchi. Shamba la Lubumbashi linaweza kulowa vizuri huku magunia ya kutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa yakiadimika, na hilo ramani ya Katanga peke yake haikuonyeshi.