CSADD ya wanamaji wa Marekani: unasihi rika unavyofaa, na unapokwama

Mpango huu tunaupa alama ya juu kwa wazo lake. Alama ya utekelezaji inategemea ni nani ameshika usukani. CSADD, yaani Coalition of Sailors Against Destructive Decisions, ni mpango wa unasihi rika wa Jeshi la Wanamaji la Marekani kwa mabaharia wa kati ya miaka 18 na 25. Jina lake limechukuliwa kwa SADD, umoja wa wanafunzi uliozaliwa mwaka 1981 huko Wayland, Massachusetts, kupinga kuendesha gari umelewa, kisha mwaka 1997 ukapanua kazi yake hadi maamuzi mengine yanayoharibu maisha ya vijana. Upande wa wanamaji, mpango una agizo lake rasmi, OPNAVINST 1500.80. Kila tawi lina mwenyekiti, makamu, katibu na mweka hazina wa vyeo vya chini, na mshauri wa cheo cha juu anayekaa pembeni.

Hilo la kukaa pembeni ndilo uti wa mgongo wa mpango wote. Baharia wa miaka 19 ameshahubiriwa vya kutosha na wakubwa wake, na hotuba ya usalama ya Ijumaa anaisikiliza huku anatazama saa. Ila yule anayelala naye chumba kimoja, aliyepanda naye zamu ya usiku juzi, akimuuliza swali, atalijibu. CSADD ikiendeshwa vizuri humpa huyo mwenzake swali sahihi la kuuliza, na wakati sahihi wa kuliuliza.

Wakati huo ni saa kumi jioni, siku ya mshahara, kabla ya kutoka getini. Tawi linalojua kazi yake halifanyi mkutano saa hiyo. Mnasihi anapita bwenini na kuuliza mambo manne: unakwenda wapi, na nani, unarudije, na nani kati yenu hanywi. Mazungumzo huwa mafupi:

"Leo unarudije?"
"Tutaangalia huko huko."
"Huko huko hakuna kuangalia, mwenzangu. Agiza usafiri wa kurudi sasa hivi, hata kama ni wa saa sita. Simu yako ina chaji?"

Swali la chaji linaonekana dogo, lakini simu iliyozima saa nane usiku ndiyo inayomfanya kijana ashike ufunguo wa gari alioapa hatashika. Wanasihi wazuri hutembea na betri ya akiba, na namba ya baharia aliye zamu imeandikwa kwenye karatasi na kutiwa pochini.

Kuhusu pombe, kanuni inayotumika sana katika majeshi ya Marekani ni 0-0-1-3, iliyoanzia kambi ya anga ya F.E. Warren, Wyoming: sifuri kwa aliye chini ya miaka 21, sifuri kwa anayeendesha, kinywaji kimoja kwa saa, na visizidi vitatu kwa usiku mmoja. Kanuni ni rahisi kukariri, lakini tatizo lake liko kwenye neno "kinywaji". Kipimo kimoja cha Marekani ni gramu 14 za alkoholi halisi, yaani mililita 355 za bia ya asilimia 5, au mililita 148 za mvinyo wa asilimia 12, au mililita 44 za pombe kali ya asilimia 40. Glasi kubwa ya mililita 473 iliyojazwa bia ya asilimia 7 ina karibu vipimo viwili. Kijana anahesabu glasi tatu na kuamini ametii kanuni, kumbe amekunywa vipimo karibu sita. Mnasihi asiyeonyesha hesabu hii kwa glasi halisi na chupa ya maji anapoteza muda wake. Mimina, pima, acha waone.

Hesabu ya pili inayofundishwa kwa nadra ni ya asubuhi. Mwili hupunguza kiwango cha pombe kwenye damu kwa kasi ya takriban asilimia 0.015 kwa saa, na kahawa au maji baridi ya bafuni hayaongezi kasi hiyo. Aliyelala saa nane usiku akiwa na 0.15 ataamka saa kumi na mbili asubuhi akiwa na 0.09, juu ya kikomo cha kuendesha gari cha 0.08 kinachotumika katika majimbo karibu yote, na mbali kabisa na 0.05 ya Utah. Amelala, ameoga, amevaa sare iliyopigwa pasi, na bado akikamatwa barabarani ni mlevi kisheria. Ndiyo maana swali la "unarudije" lina pacha wake: "kesho asubuhi unakwendaje kazini?"

Eneo la dawa za kulevya lina mtego mmoja ambao mabango hayauelezi. Baharia anatoka getini, anaingia duka halali, ananunua peremende au mafuta ya kujipaka yaliyotengenezwa kwa hempu, mmea wa jamii ya bangi, na risiti anapewa. Raia wa kawaida hana kosa. Yeye analo: tangu mwaka 2020 Idara ya Wanamaji imepiga marufuku bidhaa za hempu na CBD, kemikali itokanayo na mmea huo, kwa askari wake, na bangi iliyohalalishwa na jimbo bado ni kosa chini ya sheria ya kijeshi. Kipimo cha mkojo hakisomi risiti. Mnasihi afundishe kusoma kibandiko nyuma ya chupa, hasa vinywaji vya kuongeza nguvu na vitu vya mazoezi, kabla ya kulipa.

Fedha ndipo CSADD ingeweza kuokoa watu wengi zaidi, na ndipo matawi mengi hupita haraka mno. Sheria ya mwaka 2006 ya mikopo kwa wanajeshi inaweka ukomo wa asilimia 36 kwa mwaka kwa mikopo mingi ya walaji, lakini mkopo wa kununua gari linalowekwa dhamana lenyewe hauko ndani ya kinga hiyo. Wauza magari walio karibu na kambi wanalijua hilo. Chukua gari la dola 25,000, mkopo wa miezi 60. Kwa riba ya asilimia 6, malipo ni takriban dola 483 kwa mwezi. Kwa asilimia 18 yanapanda hadi kama dola 635, na mwisho wa safari kijana amelipa riba ya zaidi ya dola 13,000 badala ya 4,000. Somo la nusu saa lenye karatasi hiyo moja linashinda semina ya siku nzima. Liongezwe na jambo la pili: chini ya mfumo wa pensheni ulioanza Januari 1, 2018, anayeweka asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwenye TSP, mfuko wa akiba ya kustaafu, hupata asilimia 5 nyingine kutoka serikalini baada ya kutimiza miaka miwili ya utumishi. Asiyeweka chochote anapata asilimia 1 tu. Na aliyebanwa na dharura aelekezwe kwa Navy-Marine Corps Relief Society, chama kilichopo tangu 1904 kinachotoa mikopo isiyo na riba, kabla hajaingia kwenye duka la mikopo ya haraka.

Sasa tufike mahali ambapo mpango mzuri unaweza kumdhuru mtu: mipaka ya mnasihi.

Mnasihi rika si mshauri wa tiba wala si mtu wa siri kisheria. Chukua baharia anayemwambia rafiki yake wa CSADD, "Nimeanza kunywa kila siku, siwezi kuacha." Jeshi la Wanamaji lina njia ya kujipeleka mwenyewe kupata msaada bila kuadhibiwa, lakini njia hiyo ina masharti. Lazima ajipeleke kabla ya tukio lolote la ulevi, akiwa na nia ya kutibiwa, na aseme kwa mtu aliyeorodheshwa kupokea ombi hilo: mshauri wa dawa na pombe wa kikosi anayeitwa DAPA, kamanda, daktari au kasisi wa jeshi, kwa mfano. Rafiki wa bwenini hayumo kwenye orodha hiyo. Akimsikiliza kwa wema wiki tatu, na wiki ya nne yule akakamatwa barabarani, mlango wa kujipeleka umefungwa. Kwa hiyo jibu sahihi ni "Asante kwa kuniambia. Twende kwa DAPA sasa hivi, nakusindikiza." Neno la thamani hapo ni *nakusindikiza*. Namba ya simu aliyopewa kwenye kipande cha karatasi hataipiga.

Ndivyo ilivyo kwa aliyedhulumiwa kingono. Ripoti ya siri, isiyofungua uchunguzi, hupokelewa na SARC, yaani mratibu wa masuala ya udhalilishaji wa kingono, mtetezi wa waathirika, au wahudumu wa afya, na kasisi ana wajibu wa kutunza siri. Mnasihi rika hawezi kuipokea. Akiwa pia ndiye msimamizi wa kazi wa mwathirika, anaweza kulazimika kutoa taarifa juu hata kama mwenzake hakutaka. Basi mnasihi aseme mapema, kabla mwenzake hajaanza kusimulia: "Kuna watu wanaoweza kutunza hili kwa siri kuliko mimi, nikupeleke kwao kwanza." Sentensi hiyo inauma kuisema kwa mtu anayelia. Ifanyiwe mazoezi kwa sauti, wawili wawili, hadi itoke bila kukwama.

Kwa anayefikiria kujiua, wanamaji hutumia hatua tatu, kwa Kiingereza ACT (Ask, Care, Treat): uliza, jali, mpeleke atibiwe. Kuuliza ni kuuliza kwa neno lenyewe, "Unafikiria kujiua?", maana ukizunguka atazunguka pia. Usimwache peke yake, ondoa silaha au dawa zilizo karibu ikiwa ni salama kufanya hivyo, na piga 988, namba ya msaada wa dharura, kisha bonyeza 1. Mafunzo ya CSADD kuhusu jambo hili ni ya kuridhisha pale yanapofanywa kwa mazungumzo. Yakifanywa kwa slaidi, vijana wanatoka wakiwa wamekariri herufi tatu na hawajawahi kutamka swali.

Kinachoua matawi tumekiona cha namna nne. Cha kwanza ni uongozi uliojaa watu wanaotafuta mstari wa kuandika kwenye tathmini yao ya mwaka. Ishara yake ni rahisi kuiona: mabango mengi, picha nyingi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuamshwa usiku. Cha pili ni mshauri wa cheo cha juu anayegeuza kikao kuwa gwaride, maana akiingia yeye, vijana wananyamaza. Akae dakika kumi za mwanzo, afungue njia kwa kamanda panapohitajika, kisha aondoke. Cha tatu ni uhamisho. Mwenyekiti anahamia kambi nyingine, tawi linalala. Dawa yake ni makamu kuendesha vikao viwili peke yake miezi mitatu kabla ya mwenyekiti kuondoka, na daftari la makabidhiano lenye majina ya DAPA, SARC, kasisi na mshauri wa fedha, likaguliwe kila mwezi kwa kupiga zile namba kweli kweli.

Cha nne ndicho kibaya zaidi: mnasihi anayekunywa kuliko wote. Vijana hawasamehi hilo, na wana haki.

Kwa kikosi kinachotaka kuanza, shauri letu ni kuanza kidogo. Wanasihi sita wanatosha, waliochaguliwa na wenzao, si kuteuliwa na ofisi, kila mmoja na watu watatu hadi watano anaowajua kwa sura na kwa shida zao. Kati ya hao watu wake asiwemo ambaye mnasihi mwenyewe ndiye humwandikia tathmini ya kazi. Kikao kimoja kwa mwezi, dakika 30, mada moja, asubuhi ya katikati ya wiki. Wafundishwe pia namna ya kuingilia bila ugomvi, kwa mfano kumwambia jamaa anayemng'ang'ania msichana mlevi kwamba gari lake limezuia njia, huku mwenzako anamchukua msichana na kumrudisha kwa rafiki zake. Mizozo mingi ya baa huyeyuka kwa usumbufu mdogo wa namna hiyo.

Na kamanda akitaka kujua kama tawi linafanya kazi, asihesabu waliohudhuria. Aulize mabaharia kumi wa vyeo vya chini, mmoja mmoja, bila msimamizi wao kuwepo: "Ukikwama mjini saa nane usiku, unampigia nani?" Wakitaja jina la mtu, na namba iko kwenye simu zao, tawi lipo. Wakitaja ofisi, bado halijaanza.