Baldur's Gate 3: mtoto niliyempoteza mara ya kwanza

Nimeimaliza Baldur's Gate 3 mara mbili, na ni ile mara ya pili iliyonifanya niandike. Nitafichua mambo ya sura ya kwanza na ya pili, kwa hiyo kama hujacheza na hutaki kuharibiwa uhondo, ishia hapa.

Kwa asiyeijua: ni gemu ya Larian Studios, kampuni ya Ubelgiji. Ilitoka Agosti 2023 kwa kompyuta, wenye PS5 wakaipata Septemba, na mwaka haujaisha ikabeba tuzo ya gemu bora kwenye The Game Awards. Unaanza ukiwa mateka ndani ya meli inayoruka, mali ya viumbe wenye minyiri usoni. Wamekupenyezea kiluwiluwi kichwani kupitia jichoni, na usipopata tiba utageuka uwe kama wao. Unasafiri na wenzako watatu, mapigano ni ya kupokezana zamu, na kanuni zinatoka Dungeons & Dragons toleo la 5, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Kwa hiyo mambo mengi, iwe kufungua kufuli au kumdanganya mlinzi, huamuliwa na dadu ya pande 20. Ikitua kwenye 20 umefaulu, hata kama ulichotaka kilikuwa muhali. Ikitua kwenye 1 imekula kwako, uwe fundi wa maneno namna gani.

Mimi hiyo 1 ilinikuta mapema. Wakimbizi wamepewa hifadhi kwa madruidi, wachawi wanaolinda msitu, na binti yao mdogo, Arabella, amekamatwa akiiba sanamu takatifu. Kagha, anayeshika uongozi pale, amemwekea nyoka amlinde. Mlangoni nilimkuta mama yake akililia apewe mwanawe, nikaingia kifua mbele, maana mhusika wangu alikuwa manju, mtu ambaye riziki yake ni ulimi. Nikachagua kumsihi Kagha. Dadu ikazunguka, ikasita, ikalala: 1. Pointi ya kurudia kurusha dadu nilikuwa nayo moja tu, na nilishaichoma kwenye sanduku lililokuwa na nguo kuukuu. Mtoto akakurupuka akimbie, nyoka akamuuma, akaanguka pale pale.

Nilikuwa nimehifadhi mchezo dakika chache nyuma, na kidole kilishafika kwenye F8, kitufe cha kurudi pale nilipohifadhi. Sijui kwa nini sikubonyeza. Nikatoka nje kuuona uso wa mama yake.

Baada ya hapo gemu haikunisimanga. Ilisonga mbele, nami nikasonga nayo. Nikabembelezana na Astarion, vampaya mwenye maringo ambaye kila nikitenda wema ananung'unika. Nikamlisha Gale, mchawi niliyesafiri naye, vitu vyangu vya uchawi kama mtu anayefuga mbuzi mlafi. Nikavuka nchi iliyolaaniwa ya sura ya pili, nikafika mjini, nikamaliza. Nilijiona nimeshaona karibu kila kitu.

Mara ya pili dadu ilinionea huruma, Arabella akarudi kwa wazazi wake, nikamsahau. Saa nyingi baadaye, katika ile nchi ya giza ambayo nilidhani naijua kila kona, nikamkuta peke yake akipambana na vivuli kwa uchawi aliotoka kuugundua. Kawapoteza wazazi, ananiomba nimtafutie. Akaja kukaa kambini. Niliwapata, wote wawili, wamelala katika hospitali ya zamani, wameshakufa. Safari ya kwanza nilimpelekea mama msiba wa mtoto. Safari hii nikampelekea mtoto msiba wa mama.

Kilichonishika ni kwamba mara ya kwanza nilipita mahali pale pale na sikuona pengo lolote. Hakuna ujumbe uliosema umekosa kitu, hakuna kisa kilichobaki nusu. Gemu nyingi za uchaguzi nilizocheza hukuonyesha njia mbili na kukutangazia kwamba sasa unaamua jambo zito. Hii ilinyamaza tu, ikafunika shimo likawa sawasawa na ardhi. Ningejuaje?

Kwa wanaofikiria kuianza: Kiswahili hakimo, na maneno ni mengi kweli, utasoma hadi macho yaume. Kama unataka vita vya haraka haraka, zamu zitakuchosha. Chukua nafasi ya kutosha kwenye diski. Na begi langu lilijaa takataka kwa sababu naokota kila kijiko, hilo silaumu mtu.

Juzi nimeanza ya tatu, kwenye ile hali ngumu iliyoongezwa Novemba 2023, ambayo ina faili moja tu la kuhifadhi na hakuna kurudi nyuma. Nimesimama nje kwa Kagha. Mama analia. Pointi zangu zote nne ninazo, masanduku nimeyapita yote bila kuyagusa.