Fielder yenye cheti na dhamana: tathmini ya yadi moja ya Nyali

Yadi niliyonunulia gari langu iko Nyali, upande wa Links Road, na inajinadi kwamba kila gari linalotoka langoni mwake limekaguliwa, limepewa cheti, na linalindwa kwa dhamana ya miezi sita au kilomita 10,000, lolote litakalotangulia. Nilichukua Toyota Fielder ya mwaka 2016 yenye injini ya cc 1500, iliyoletwa nchini ikiwa imeshatumika Japani, kisha ikaendeshwa na mwenyewe mmoja hapa hapa Pwani kabla ya kurudi sokoni. Kwa ufupi, cheti chao hakifikii sifa wanazokipa, dhamana yao ni nyembamba lakini ni ya kweli, na kilichostahili ile pesa ya ziada niliyolipa ni jinsi walivyonishughulikia gari lilipoleta hitilafu. Jina la yadi silitaji, kwa kuwa mengi ninayoyaeleza utayakuta karibu katika kila yadi ya mjini inayouza kwa utaratibu huu, na mnunuzi atafaidika zaidi akijua mambo ya kuuliza.

Pesa ya ziada yenyewe si haba. Fielder za umri huo, zenye maileji yanayokaribiana, madalali walikuwa wakiniitishia takriban shilingi 120,000 chini ya bei ya yadi. Kwa hiyo swali la tathmini hii ni moja tu: kwa shilingi hizo 120,000, mnunuzi anapata nini ambacho hawezi kukipata kwa dalali akiwa ameandamana na fundi wake?

Muuzaji, kijana mwenye adabu na maneno mengi, alinitandikia karatasi tatu mezani kwa pamoja, akazieleza kana kwamba zote zinasema jambo moja. Ya kwanza ilikuwa cheti cha ukaguzi uliofanywa Japani kabla gari halijapakiwa melini. Hicho ni sharti la Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, ambalo kwa kiwango chake cha KS 1515 linataka magari yaliyotumika yanayoingia nchini yawe na usukani upande wa kulia, yasizidi umri wa miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza, na yawe yamekaguliwa huko yanakotoka na wakala aliyeidhinishwa. Ni karatasi muhimu kwa gari linaloshuka Kilindini leo. Kwa gari ambalo limeshazunguka Mombasa kwa zaidi ya mwaka, likipita kwenye matuta, kwenye mvua ya masika na kwenye kivuko cha Likoni, cheti hicho kinasimulia habari za zamani.

Ya pili ilikuwa karatasi ya mnada wa Japani. Hiyo niliifurahia, kwa sababu si kila muuzaji huitoa. Ilikuwa na alama ya 4 kwa hali ya jumla, maileji ya siku ile, na mchoro mdogo wa gari uliowekewa alama kila palipokwaruzwa au kubonyea. Mnunuzi aangalie sana kama pameandikwa R mahali pa nambari, maana hiyo ni ishara ya gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Ailinganishe pia nambari ya chesisi iliyo kwenye karatasi na ile iliyochongwa kwenye gari lenyewe, kwani karatasi nzuri ya gari jingine haikosekani mjini.

Ya tatu ndiyo cheti cha yadi, na hapa ndipo nilipoanza kusita. Kilikuwa na orodha ndefu ya sehemu za gari, kila moja imewekewa alama ya vema, na chini yake mhuri na sahihi. Hakikuwa na kipimo hata kimoja. Breki zimeandikwa “nzuri”, lakini unene wa padi haukutajwa. Tairi “nzuri”, lakini mwaka wa kutengenezwa kwake haukuandikwa. Betri “nzuri”, bila ya kusema ilipimwa vipi. Ukaguzi wenye maana huacha nambari ambazo mtu mwingine anaweza kuzihakiki kesho yake. Kule Marekani, ambako biashara ya magari ya aina hii ni kubwa, magari mengi yenye cheti husimamiwa na kampuni iliyoyaunda, na tangu mwaka 1985 muuzaji wa magari yaliyotumika analazimika na kanuni ya serikali kubandika dirishani tangazo linaloeleza kama gari lina dhamana au linauzwa jinsi lilivyo. Cheti nilichopewa mimi kilitolewa na yule yule anayeuza gari, na mtu hawezi kutegemewa kuitangaza kasoro ya bidhaa anayotaka iondoke.

Nikaomba kumleta fundi wangu. Yadi ilikubali bila ya kununa, na hilo ninawahesabia. Fundi alianza nyuma: akatoa tairi la akiba, akafunua zulia la buti, akapitisha kidole polepole kwenye mshono wa bati, kisha akaninyooshea kidole kikiwa na unga wa kahawia. Alipolala chini ya gari na tochi, akaniita. “Dada, hapa pamepakwa rangi juu ya kutu. Bado ni ngozi tu, haijala chuma, lakini wakupunguzie.” Gari linalolazwa nje karibu na bahari hupata ugonjwa huo hata likiwa jipya, kwa maana upepo wa chumvi huingia kwenye mishono ambayo maji ya kuoshea hayafiki. Cheti kilikuwa kimeandika sehemu ya chini ya gari kuwa nzuri. Sisemi kwamba walidanganya. Inawezekana mkaguzi wao aliiona rangi mpya akaridhika. Lakini ndiyo sababu ninasema anayenunua gari Pwani asikubali ukaguzi uliofanywa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake.

Jaribio la barabarani nalo tulilifanya kwa namna ambayo ninaipendekeza. Muuzaji alitaka tupite barabara tupu, mwendo wa raha. Fundi akamwomba tuelekee Kongowea saa za msongamano, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa mpaka mwisho, tukasota nyuma ya mikokoteni na tuktuk mpaka kipimo cha joto kikawa hakina la kuficha, ndipo tukapanda daraja la Nyali na kushuka. Giaboksi ya Fielder hii ni ile ya mkanda, isiyo na gia za kawaida, na mafundi wanaijua kuwa haipendi joto wala oili iliyochoka. Ikiwa na shida, huvuma au husitasita unapokanyaga mafuta baada ya kusimama. Yetu ilitulia. Kisha nikaipeleka pia kwa AA ya Kenya, chama cha wenye magari ambacho kina tawi mjini, wakanipa ripoti ya ukaguzi iliyokubaliana na fundi kuhusu kutu na kuongeza kwamba bushi za mbele zimeanza kulegea. Kwa ripoti hiyo mkononi, yadi iliikwangua kutu na kuipaka dawa mbele ya fundi wangu, ikabadilisha bushi, na kupunguza shilingi 40,000. Kwa hesabu yangu, karatasi hiyo moja ilinipa faida kuliko cheti chao chote.

Dhamana ilikuwa kurasa tatu za herufi ndogo. Muuzaji alikuwa amesema inafunika “injini, giaboksi na kila kitu kikubwa”. Maandishi yalisema injini na giaboksi pekee, tena sehemu za ndani zinazozunguka katika oili, na yakaondoa kwa majina kiyoyozi, betri, alternata, rejeta, mipira, sili (vile vizuizi vya oili isivuje), gasketi, na vyombo vyote vya umeme. Jumla ya madai haikupaswa kuzidi shilingi 150,000. Serevisi ilitakiwa ifanyike kila kilomita 5,000 katika gereji yao na kugongwa mhuri, na dhamana yote ingefutika iwapo gari lingeendelea kuendeshwa baada ya taa ya onyo kuwaka. Gari likiharibika, mwenyewe alitakiwa kulivuta hadi gerejini kwa gharama zake. Nikauliza: likinifia Voi je? Muuzaji akacheka, akaenda kuuliza, akarudi na meneja. Tukakubaliana waongeze kwa mkono, wakatia sahihi, kwamba uvutaji kutoka popote kati ya Mtwapa na Mariakani ni juu yao. Voi ilibaki juu yangu. Ninalitaja hili kwa sababu wanunuzi wengi huiona karatasi ya dhamana kama tiketi ya basi, iliyokwisha kuchapwa. Kumbe kabla ya kulipa, kila kifungu kinazungumzika.

Hitilafu ya kwanza ilikuwa kompresa ya kiyoyozi, iliyokufa katikati ya kaskazi, wakati joto la Mombasa halina huruma. Yadi ilikataa kulipa, na kwa mujibu wa maandishi walikuwa na haki. Niliitengeneza kwa pesa yangu. Ya pili ilikuwa nzito zaidi: doa la oili sakafuni kila asubuhi, likitoka palipoungana giaboksi na ekseli ya mbele. Kifungu kimoja kilisema giaboksi imefunikwa, kingine kikasema sili zimeondolewa. Msimamizi wa gereji, mzee mtaratibu asiyepandisha sauti, alivisoma vyote viwili mbele yangu, akaingia chini ya gari mwenyewe, kisha akasema kwamba sili ikiachwa, oili itaisha na giaboksi itaungua, na hapo yadi italipa kubwa. Wakakubali kulipia kazi yote ya ufundi pamoja na oili mpya, mimi nikalipia sili, ambayo ndiyo rahisi kuliko vyote. Gari la kuazima halikutolewa, nikahangaika na matatu kwa siku zote walizokaa nalo. Lakini simu zao zilipokelewa, na siku waliyosema litakuwa tayari ndiyo siku niliyolichukua. Dalali, gari likishavuka geti, hapokei simu.

Mnunuzi ajue pia kwamba dhamana ya yadi haifuti kinga ya sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, sura ya 31, inamtaka anayefanya biashara ya bidhaa fulani auze kilicho na ubora unaokubalika, isipokuwa kwa kasoro ambazo ukaguzi wa mnunuzi mwenyewe ungepaswa kuzifichua. Kwa hiyo ukikagua, kagua sawasawa, na weka ripoti. Sheria ya kuwalinda watumiaji bidhaa ya mwaka 2012 nayo haimruhusu muuzaji kuifuta haki hiyo kwa maandishi ya mkataba. Mzozo usiozidi shilingi 1,000,000 unaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo inatakiwa kuamua kesi ndani ya siku 60. Sikufika huko, ila niliona mazungumzo yanalainika nilipoonyesha kwamba ninazifahamu sheria hizo.

Katika mambo ya umiliki yadi ilifanya vyema. Kabla ya kulipa amana, nilitafuta rekodi za gari kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ada yake shilingi 550, nikalinganisha jina la mmiliki na nambari za chesisi na injini. Nikatazama pia katika sajili ya mali inayohamishika iliyowekwa rehani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, kwa maana magari mengi ya mitaani yamewekewa mkopo na mwenyewe hasemi. Lilikuwa safi. Uhamisho ulianzishwa siku ile ile niliyomaliza kulipa, na sikuombwa “ya chai” na mtu yeyote.

Ningempendekezea nani? Mtu asiye na fundi anayemwamini, au anayehitaji gari la kazi ya kila siku na hawezi kumudu injini kufa katika miezi ya mwanzo, atapata haki yake hapa, mradi ajadili bei kwa ripoti ya ukaguzi wa mtu wa tatu na asome dhamana kabla ya kalamu kugusa karatasi. Mwenye fundi mzuri na akiba ya kutosha anaweza kwenda kwa dalali na kubaki na pesa yake. Kwa huduma baada ya mauzo ninawapa alama nne kwa tano. Kwa cheti, mbili, mpaka siku watakapoanza kuandika vipimo na kumwachia mkaguzi wa nje kazi hiyo. Dhamana yangu imebakiza mwezi na kitu. Serevisi ijayo nitaifanyia kwao, maana mhuri wao bado una kazi, na itakayofuata nitamrudishia fundi wangu wa Majengo.