Krauni na pinioni za Land Cruiser ya zamani: nunua kwa mpangilio huu, na uende dukani na tochi

Difu yangu ya nyuma ilianza kulia tukiikaribia Engaruka, gari limejaa mahema, majiko na madumu ya maji ya wageni waliokuwa wanatusubiri Natron. Mlio wenyewe haukuwa wa kutisha. Ulikuwa mwembamba kama wa mbu aliyenaswa ndani ya neti: unaanza ukifika kilomita 60 kwa saa, ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unanyamaza. Dereva akaongeza sauti ya redio. Mimi nikajua nimeshapigwa, maana krauni na pinioni zilizokuwa mle ndani, gia kubwa na ndogo zinazosukumana kuzungusha magurudumu, hazikuwa zimemaliza wiki tatu tangu nizilipie.

Gari ni Land Cruiser HZJ75, injini 1HZ ya lita 4.2, difu ya nyuma ya inchi 9.5. Ninayoyasema hapa yanahusu hilo na ndugu zake, kina 60, 80, 78 na 79. Mwenye Land Rover anaweza kuokota mawili matatu, ila spea zake akaulize kwa wenzake.

Rasio, yaani pinioni inazunguka mara ngapi krauni ikizunguka mara moja, sitaizungumzia sana. Fungua boneti usome kile kibati, kuna mstari ulioandikwa TRANS/AXLE wenye kodi ya ekseli yako. Au hesabu meno. 37 kwa 9 ni 4.11. Ya mbele na ya nyuma zilingane, vinginevyo siku utakapoweka 4x4 gari litapigana mieleka na nafsi yake. Fundi yeyote anayajua hayo na muuzaji yeyote atakuuliza. Kitu ambacho hakuna aliyeniuliza, na mimi kwa ujinga wangu sikukitazama, ni namba ya jozi.

Krauni na pinioni zikishachongwa na kukaushwa kwa moto, kiwandani huzungushwa pamoja zikiwa na dawa ya kusagia, mpaka meno ya hii yazoeane na meno ya ile. Kuanzia hapo hizo ni mke na mume. Huchorwa namba moja kwa zote mbili: kwenye kichwa cha pinioni, na kwenye ubavu au ukingo wa krauni. Wala si mchoro mkubwa. Ni mikwaruzo ya kalamu ya umeme, na mara nyingi iko chini ya grisi. Ukichukua krauni ya ndoa hii ukaiozesha kwa pinioni ya ndoa ile, kila kitu kitakubali. Meno idadi yake sawa, boliti zinaingia, ukizungusha kwa mkono inateleza vizuri hadi unatabasamu. Ukiingia barabarani na mzigo, inalia. Na hakuna shimu, vile vibati vyembamba vya kusogezea gia, itakayoiponya, hata fundi wako awe nani.

Yangu ilifunguliwa Unga Limited, Arusha. Fundi aliipangusa krauni kwa kitambaa chenye dizeli, akawasha tochi ya simu, akasoma 218. Akapangusa kichwa cha pinioni: 743. Akanitazama bila kusema neno, akaniachia kitambaa nikapanguse mwenyewe. Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa siku ya kununua, krauni ilikuwa imefungwa karatasi ya rangi ya kahawia na pinioni imefungwa nailoni, zote ndani ya boksi moja. Nilidhani ni uangalifu.

Nilipompigia muuzaji alinijibu, "Dada yangu, hizo ni namba za stoo tu." Namba za stoo! Zilizochorwa kwenye chuma kigumu kuliko tupa! Nadhani mchezo wenyewe uko hivi: mteja mmoja anarudisha seti ambayo pinioni yake ina kovu, mwingine anakuja kuomba pinioni peke yake, na mwisho wa mwezi duka lina nusu mbili zisizojuana. Nusu mbili zikawa seti, seti ikawa yangu.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: hulipi mpaka umeziona namba mbili kwa macho yako. Usikubali kuonyeshwa boksi, usikubali "fundi ataangalia". Nenda na kitambaa na tochi. Pinioni ikiuzwa peke yake, ondoka.

Sasa mpangilio wangu, na sijifichi kwamba nina upendeleo.

Ya kwanza ni seti ya Toyota jenuini. Agiza kwa namba ya chesisi ili usianze kubishana na mtu kaunta, kisha subiri. Ile niliyofunga baadaye namba zake zilisomeka hata bila miwani, na alama za rangi kwenye meno zilikaa katikati baada ya fundi kubadilisha shimu mara mbili tu. Kwa ile jozi feki tulibadilisha mara saba tukaishia kukata tamaa. Bei? Mimi ilinitoka karibu mara tatu ya ile iliyonilaza njiani. Ila kwenye ile ya bei rahisi hesabu pia kuifungua, kufunga upya, oili iliyomwagwa, na gari la kukodi lililowapelekea wageni chakula chao. Tahadhari moja: boksi la Toyota silo Toyota. Maboksi yanaigwa kuliko gia zenyewe, kwa hiyo tochi ni ile ile.

Ukinunua hiyo, nunua na beringi zake zote, za pinioni na za pembeni. Koyo ndiyo chaguo langu, NSK na Timken nazo sina ugomvi nazo. Nunua sili mpya na nati mpya ya pinioni. Na kama difu yako ni ya aina yenye spesa ya kubonyea, ile bomba fupi inayokaa katikati ya beringi mbili za pinioni, nayo iwe mpya. Imetengenezwa ibonyee mara moja. Fundi atakwambia ya zamani bado nzima. Ni kweli ni nzima, lakini haishiki tena, na nati ikikazwa juu yake beringi hazipati mkazo unaotakiwa.

Ya pili ni difu kamili iliyotumika, inayoletwa kutoka Japani au kupitia Sharjah. Mtu wa bajeti ya kati ningemshauri hii bila kigugumizi, kwa sababu ndoa imeshafungwa na imeshaishi. Krauni, pinioni na beringi zilipangwa kiwandani, na kwenye Land Cruiser kichwa chote cha difu hutoka kwa mbele kikiwa kizima, unachomoa hiki unaweka kile. Ingiza kidole ndani ya tundu, paka oili kwenye kiganja, geuza kiganja juani. Kikimetameta vipande, rudisha. Shika flenji, kile kisahani kinachofungiwa shafti, uitikise taratibu mbele na nyuma: icheze kidogo sana kabla krauni haijaitika. Kisha weka alama ya chaki kwenye krauni, zungusha flenji uhesabu. Mizunguko minne na kidogo kwa mzunguko mmoja wa krauni, uko kwenye familia ya 4.11. Wauzaji wengi wameshazifungua wakachanganya, kwa hiyo hata hapa soma namba. Na difu yenye loki ya umeme isikutie tamaa, usitarajie iingie moja kwa moja kwenye hausingi (ganda la ekseli) ya kawaida.

Wenye 79 wanaotafuta ya mbele wawe macho zaidi: ile ni ya inchi 8, pinioni yake imekaa juu na meno yamekatwa kwa upande wa kinyume. Gia ya pinioni ya chini hata ikiwa na rasio hiyo hiyo haihusiani nayo.

Ya tatu ni Nitro na Yukon za Marekani. Gia nzuri, karatasi ya vipimo iko ndani, namba za jozi ziko wazi. Ila hizi ni za mtu aliyevaa matairi makubwa na anataka kushuka kwenye rasio kama 4.88 ili injini isihangaike, na atalazimika kununua mbele na nyuma kwa mpigo. Mimi natembelea 7.50R16, sina shida hiyo.

Ya nne ni zile zisizo na jina, za boksi jeupe. Zipo.

Niseme kidogo kuhusu maduka, maana nisipolisema litanikaa kooni. Nilimtuma dereva wangu kuuliza bei asubuhi, nikaenda mwenyewe saa sita kwa shati la kampuni. Duka lile lile, seti ile ile, bei ilikuwa imepanda kana kwamba kati ya asubuhi na mchana meli ilizama. Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa "ukitaka risiti, mama, kuna ongezeko." Asubuhi kwa dereva walikuwa wanasema bei imeshajumlisha kila kitu. Na ile karatasi waliyonipa kwa mkono ina mhuri chini: mali ikishauzwa hairudishwi. Yaani anayeuza ndiye anayejua kilichomo ndani ya boksi, na anayenunua ndiye anayebeba hasara ya kutojua. Siku hizi naandika kwenye karatasi hiyo hiyo, kabla ya kutoa hela: "Jozi namba fulani kwa fulani," naye anasaini. Wawili walikataa kusaini. Niliwashukuru.

Kwa fundi, mambo machache tu. Krauni haipigwi nyundo ili ikae. Yangu ilichemshwa kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, ikatolewa ikiwa ya moto, ikaachwa unyevu ukauke, ikatumbukia mahali pake yenyewe. Kama hana dayo geji, ile saa ya kupimia nafasi ndogo, mtafute mwenye nayo: mchezo kati ya meno uwe 0.15 hadi 0.20 mm, na kidole hakiwezi kusoma hiyo. Apake rangi kwenye meno azungushe. Alama ikizama kuelekea shina la jino, pinioni imeingia mno. Ikipanda kuelekea ncha, imebaki nje. Oili iwe GL-5, usikubali GL-4 iliyobaki kwenye dumu la gia boksi. Safari ya kwanza iwe ya dakika 20 au 30, simama ipoe kabisa, usivute wala usipakie mzigo mzito hadi kilomita 800, halafu mwaga oili yote. Unga wa kijivu laini kama majivu ni kawaida. Vipande, hapana.

Juzi yule muuzaji alinipigia. Anauliza kama ile krauni 218 bado ninayo, kwa sababu kuna mteja amefika na pinioni. Nimemwambia ipo, aje na risiti ya EFD.